Maswali ya wasomaji: Babu wa Nachingwea, daftari la Little Steeping na mahame ya kijiji

Barua za safari hii zimetoka Nachingwea, Newala, Mikindani na Lindi vijijini. Tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyaacha, kwa kuwa mambo ya nasaba yana wenyewe wengi.

Babu alikuwa fundi wa karanga

*Shikamooni. Baba yangu alizaliwa Nachingwea mwaka 1950. Bibi ni Mmwera. Babu alikuwa Mwingereza, fundi wa matrekta kwenye mradi wa karanga. Mradi ulipovunjwa mwaka 1951 aliondoka, na hakurudi tena. Tumebaki na picha moja na bahasha yenye jina lake kamili. Bibi alikuwa akisema kwao ni Little Steeping, "kule alikotoka Askofu Steere". Kijiji hicho kipo kweli? Nimwandikie padre wa huko?* (Msomaji, Nachingwea)

Marahaba. Kijiji kipo. Little Steeping ni parokia ndogo ya wakulima katika kaunti ya Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, karibu na mji mdogo wa Spilsby. Ila neno "alikotoka" lishike kwa uangalifu. Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Little Steeping alikuwa kasisi tu, akaiacha mwaka 1863 kumfuata Askofu Tozer kwenye misheni ya Afrika, ambaye naye alikuwa kasisi wa Burgh le Marsh, si mbali na hapo. Baadaye Steere alirudi parokiani kwa miaka michache, kisha akaja tena Unguja, akawa askofu, na mwaka 1876 akaanzisha misheni ya Masasi. Ukimtafuta kwenye ubatizo wa Little Steeping humpati. Babu yako naye huenda alizaliwa pale, huenda alilelewa tu, au huenda alitaja kijiji ambacho watu wa misheni wangekitambua ilhali kwao ni kijiji cha tatu kutoka hapo. Jina la kijiji ni dalili. Jibu bado.

Padre usimwandikie kwanza. Siku hizi parokia ndogo za Kiingereza hukusanywa kadhaa chini ya kasisi mmoja, na sheria ya kanisa ya mwaka 1978 iliagiza madaftari ya zamani yakabidhiwe ofisi ya kumbukumbu ya dayosisi. Kwa Little Steeping ofisi hiyo ni Lincolnshire Archives, mjini Lincoln. Kasisi atakujibu kwa upole kwamba daftari hana, nawe utakuwa umepoteza mwezi mzima.

Anzia mwaka 1951 urudi nyuma hatua kwa hatua, na usiivuke hatua kabla hujapata karatasi inayoithibitisha. Kosa linaloharibu nasaba nyingi ni kurukia mtu wa mwaka 1850 kwa sababu tu jina la ukoo linafanana. Katika parokia moja ya Lincolnshire unaweza kukuta akina John watatu wenye ukoo mmoja, wote vibarua wa shamba, wamepishana miaka mitano.

Anza na meli. Uingereza ilihifadhi orodha za abiria wa safari ndefu za bahari: walioondoka kati ya 1890 na 1960, na walioingia kati ya 1878 na 1960. Ziko kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Kew, London. Walioondoka wamo chini ya alama BT 27, walioingia BT 26, na zote zinapatikana kwenye tovuti za nasaba za kulipia. Tafuta BT 27 ya miaka 1947 hadi 1949, bandari ya kushukia ikiwa yoyote ya Afrika Mashariki, si Dar es Salaam peke yake. Utaona umri, kazi na anuani ya mwisho aliyokaa Uingereza. BT 26 ya mwaka 1951 itakupa anuani aliyokuwa anakwenda. Anuani zote mbili zikiangukia upande wa Spilsby, umemshika mtu wako. Usipomwona, kumbuka kwamba waliosafiri kwa ndege hawamo humo, na kwamba makarani wengi waliandika herufi ya kwanza tu ya jina. Tafuta kwa ukoo, umri na kazi, jina la kwanza liache wazi.

Ukishapata umri, fungua Daftari la 1939. Tarehe 29 Septemba mwaka huo, vita vikiwa vimeanza, serikali iliandikisha raia nyumba kwa nyumba ili iwape vitambulisho. Kila mtu ana tarehe kamili ya kuzaliwa, kazi, na kama ameoa au la. (Hapo unaweza kukuta kwamba babu alikuwa na mke tayari. Ni vizuri kujiandaa kabla hujamsomea bibi.) Waliokuwa jeshini hawakuandikwa. Ambao hawajatimiza miaka 100 wamefunikwa wino mweusi mpaka kifo chao kithibitishwe, lakini fundi aliyezaliwa kabla ya 1920 ameshafunguliwa. Daftari hili ni la thamani kwa sababu sensa ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kabisa kwa ajili ya vita.

Sasa tafuta cheti cha kuzaliwa. Usajili wa serikali huko ulianza tarehe 1 Julai 1837. Faharasa yake unaisoma bure kwenye tovuti ya FreeBMD, ila ina mitego miwili. Kwanza, imepangwa kwa robo za mwaka kufuata tarehe ya kuandikishwa, na mzazi alikuwa na siku 42 za kuandikisha. Mtoto wa mwishoni mwa Machi anaweza kuwa kwenye robo ya Juni, na wa Desemba akawa kwenye mwaka unaofuata. Pili, faharasa haitaji kijiji, inataja wilaya ya usajili. Little Steeping iko chini ya Spilsby, na Spilsby hiyo itakuchosha macho kwa sababu vijiji kadhaa vimo humo humo. Kinachookoa ni kwamba kuanzia robo ya Septemba 1911 faharasa inaonyesha ukoo wa mama kabla ya kuolewa. Ukishampata, nunua cheti chenyewe kwenye Ofisi Kuu ya Usajili ya Uingereza. Faharasa haitoshi: jina la baba, kazi yake na mahali halisi pa kuzaliwa vimo ndani ya cheti tu.

Ukiwa na majina ya wazazi, sensa zitakupeleka nyuma miaka kumi kumi. Ya tarehe 19 Juni 1921 inatoa umri kwa miaka na miezi, na parokia ya kuzaliwa ya kila mtu ndani ya nyumba. Ya 1911 inataja ndoa ina miaka mingapi, watoto wangapi walizaliwa hai na wangapi wamefariki. Hiyo safu ya waliofariki wengi huipita bila kuisoma, kisha wanashangaa kuona majina mawili yanayofanana: mtoto alikufa, aliyemfuata akapewa jina lake. Rudi hivyo mpaka 1851. Sensa ya 1841 itumie kwa tahadhari. Umri wa waliozidi miaka 15 uliteremshwa hadi namba ya karibu inayogawanyika kwa tano, hivyo wa miaka 29 ameandikwa 25. Tena haisemi nani ni nani wa nani.

Nyuma ya 1837 ndipo daftari la parokia linaposhika kazi. Amri ya kuandika ubatizo, ndoa na maziko ilitolewa mwaka 1538, lakini si kila parokia imebakiwa na kurasa za miaka hiyo ya mwanzo. Kuanzia Januari 1813 vitabu vilichapwa kwa mistari maalumu. Ubatizo una tarehe, jina la mtoto, majina ya wazazi, makazi, kazi ya baba na kasisi aliyebatiza. Maziko yana jina, makazi na umri, wala hayasemi mtoto wa nani. Ndoa zilipata fomu yake mapema zaidi, mwaka 1754, zikiwa na sahihi za mashahidi. Majina ya baba wa bwana na bibi harusi yaliingia mwaka 1837. Ukurasa ukiwa umeoza au umepotea, omba nakala za askofu: kila mwaka parokia ilitakiwa kupeleka nakala kwa askofu, hivyo daftari lililoliwa na panya kijijini linaweza kuwa zima kwa askofu. Na kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi. Ubatizo wa "Februari 1730" kwa hesabu yetu ni Februari 1731. Bila kulijua hilo unaweza kumwona mtoto amezaliwa kabla ya harusi ya wazazi wake, ukaanza kuwasema vibaya marehemu wa watu.

Familia ikipotea ghafla parokiani, sababu kwa kawaida ni moja kati ya mbili. Vibarua na watumishi wa mashamba ya Lincolnshire waliajiriwa kwa mwaka, na mikataba ilibadilika mwezi Mei. Kwa hiyo watoto watano wa nyumba moja wanaweza kuwa wamebatizwa katika parokia nne. Chora duara la maili 10 kuzunguka Little Steeping, andika parokia zote zilizomo, uzipitie moja moja. Tovuti ya FreeREG ina ubatizo mwingi wa vijijini bila malipo. Sababu ya pili ni Umethodisti, uliokuwa na nguvu sana kaunti hiyo. Watoto walibatizwa kwenye kanisa lao dogo na madaftari yao ni mengine, lakini wakifa mara nyingi walizikwa kwenye makaburi ya parokia. Ukiona maziko bila ubatizo, fikiria Wamethodisti kwanza.

Ukitaka historia ya kijiji chenyewe zaidi ya majina, omba Lincoln vitabu vya wasimamizi wa maskini. Kwa sheria ya 1662 kila parokia ililisha maskini "wake" tu, kwa hiyo walihojiwa: ulizaliwa wapi, uliajiriwa wapi mwaka mzima, baba yako wa wapi. Kibarua asiyejua kusoma ameachiwa humo maelezo ya maisha yake kuliko tajiri mwenye kaburi la mawe. Ila si kila parokia ina karatasi hizo, kwa hiyo uliza orodha yao kabla ya kulipia utafutaji.

Kuhusu fedha: andaa kwanza orodha ya maswali yote, ndipo ulipie tovuti kwa mwezi mmoja, ushushe picha za kila ukurasa, kisha ufute malipo. Ukisahau kufuta yanaendelea kukatwa. Tovuti ya FamilySearch ni ya bure, inataka kujisajili tu.

Kipimo cha DNA kifanywe na baba yako, siyo wewe. Yeye ana takribani asilimia 50 ya babu, wewe 25. Mtoto wa ndugu wa babu atalingana na baba yako kwa asilimia 12 hivi. Mtoto wa babu kwa mke mwingine, kama yupo, atalingana kwa asilimia 25. Ukipata ndugu aliye hai, barua ya kwanza iwe ya nusu ukurasa: baba yako ni nani, alizaliwa lini na wapi, una picha gani, unatafuta kujua nini. Mali usiitaje hata kwa utani. Na umwachie nafasi ya kutojibu.

Babu hayumo daftarini

*Ndugu zangu, habari za kazi. Nina miaka 71. Marehemu baba yangu alibatizwa misheni, nadhani alizaliwa 1912. Nimekwenda parokia mbili na jina lake la Kikristo na jina la baba yake, hakuna kitu. Mjukuu wangu anasema nitafute jina la ukoo kwenye kompyuta kama Wazungu. Nifanyeje?* (Mzee wa Newala)

Shikamoo mzee wetu. Mjukuu ana nia njema, ila njia ya Lincolnshire haitamfikisha Newala. Kule jina la ukoo linatoka kwa baba kwenda kwa mtoto miaka mia nne. Kwetu jina la pili ni jina la baba tu, na kizazi kinachofuata linatoweka. Zaidi ya hapo, kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ukoo ulifuata upande wa mama. Mtu aliyekuwa na sauti juu ya mtoto alikuwa mjomba. Kwa hiyo katekista alipouliza "huyu wa nani?", mara nyingine jina lililoandikwa mahali pa baba ni la mjomba aliyemleta mtoto misheni. Daftari linaweza kuwa na baba yako, ila chini ya jina usilolitegemea.

Kabla ya kurudi parokiani, kaa na dada wa marehemu au watoto wao uandike mambo haya: jina la nyumbani la marehemu kabla ya ubatizo, jina la mama yake, jina la mjomba mkubwa, *litawa* lao, yaani ukoo (kwa Wamakua *nihimo*), jina la mahali walipokaa siyo kijiji cha sasa, na nani alikuwa msimamizi wake wa ubatizo. Huyo msimamizi asidharauliwe. Mara nyingi alibatizwa miaka michache kabla, kwenye daftari lile lile, na makazi yake yameandikwa vizuri.

Halafu jua ni misheni ipi. Waanglikana walikuwa Masasi tangu 1876 na Newala muda mfupi baadaye. Wabenediktini Wakatoliki walikuwa Lukuledi mwaka 1895, Nyangao 1896, na Ndanda 1906. Masasi ilivamiwa na Wamagwangwara (Wangoni) mwaka 1882, na misheni za eneo hili zilishambuliwa tena wakati wa Maji Maji mwaka 1905, hivyo madaftari ya kabla ya hapo huenda yalipotea. Aliyezaliwa 1912 ana shida nyingine: Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani waliwaweka kizuizini wamishenari Waingereza hadi 1916. Waingereza waliposhika nchi, wakawaondoa wamisionari wa Kijerumani. Kwa upande wa Waanglikana mapadre Waafrika ndio walioshika kazi. Kwa hiyo mtoto wa miaka ile anaweza kuwa amebatizwa miaka kumi baadaye, mwenye akili zake, baada ya kufundishwa ukatekumeni. Usitafute mwaka 1912 tu. Tafuta mpaka 1930.

Kwenye daftari la Kikatoliki la zamani utakuta Kilatini. *Natus* au *nata* ni kuzaliwa, *filius* mwana wa kiume, *filia* wa kike, *patrinus* na *matrina* ni wasimamizi, *obiit* amefariki. Majina hubadilika mwisho: *filius Petri* ni mwana wa Petro, na wengi wameandika kwenye mti wa ukoo kwamba babu aliitwa Petri. *Joannes* ni Yohane, *Jacobus* ni Yakobo. Soma pia pembeni mwa mstari. Kanisa Katoliki huandika hapo kipaimara na ndoa, pamoja na parokia ilikofungwa, hivyo mstari mmoja unaweza kukutoa Ndanda ukakupeleka hadi mashamba ya mkonge ya Tanga alikokwenda kuwa manamba.

Majina yaliyoandikwa na Mjerumani yasome kwa sauti, siyo kwa macho. Aliandika *Massassi*, *Matschemba*, *Jao*: j yake ni y yetu, tsch ni ch, sch ni sh. Na kwa kuwa Kimakonde hakina r, jina moja limeandikwa kwa l ukurasa huu na kwa r ukurasa ule. Mwombe karani wa parokia akuachie usome mwenyewe mwaka mzima, mstari kwa mstari, badala ya yeye kutafuta jina ulilompa. Saa mbili zinatosha kwa miaka mitano ya parokia ndogo. Nenda siku ya kazi, siyo Jumapili, na sadaka ya parokia usiisahau.

Mwaka 1323

*Assalaam alaykum. Tuna hati ya shamba la minazi iliyoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, tarehe yake Rajabu 1323. Kaka yangu kajumlisha 622 kapata 1945. Ni sawa?* (Msomaji, Mikindani)

Waalaykum salaam. Si sawa, amekosea miaka 40. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi. Zidisha mwaka kwa 0.97, kisha jumlisha 622: 1323 inakuwa 1283, ukijumlisha unapata 1905. Mwaka huo wa Hijria ulianza Machi 1905, na Rajabu ni mwezi wa saba, kwa hiyo hati ni ya Septemba 1905, Maji Maji ikiwa imeshawaka. Kwa tarehe kamili acha nafasi ya siku moja au mbili kwa ajili ya kuandama kwa mwezi. Kumbuka pia kuwa siku huanza magharibi: "usiku wa Ijumaa" ni Alhamisi jioni.

Kabla ya yote hakikisheni tarakimu. Tano ya Kiarabu (٥) inafanana na sifuri yetu, na sifuri yao (٠) ni nukta tu, ambayo kwenye karatasi ya zamani inaweza kuwa kinyesi cha nzi. Mbili (٢) na tatu (٣) zinatofautiana kwa jino moja. Mpelekeeni mtu aliyezoea hati za zamani, siyo anayesoma msahafu peke yake, kwa kuwa waandishi wa pwani hawakuweka irabu kila mara na hawakuwa na alama moja ya *p* au *ch*.

Kijiji kilichohamishwa

*Kijiji chetu tulihamishiwa barabarani wakati wa operesheni ya vijiji. Vijana tunataka kuandika historia yake lakini wazee wanapingana hata mwaka. Tuanze vipi?* (Kikundi cha vijana, Lindi vijijini)

Wazee kupingana ni jambo jema. Wangekubaliana wote neno kwa neno, ingekuwa dalili kwamba wamekaririshwa na mmoja. Wahojini mmoja mmoja, kutoka koo tofauti, wanaume kwa wanawake, na mkutano wa pamoja uwe wa mwisho. Mkianza na mkutano, mwenye sauti kubwa atawapa historia ya ukoo wake, na wengine watanyamaza kwa heshima.

Mwaka msiuulize. Ulizeni tukio, kisha kabla au baada. Tengenezeni kalenda yenu ukutani: Maji Maji 1905 hadi 1907, mapigano ya Mahiwa Oktoba 1917, homa kubwa ya 1918, karanga 1947 hadi 1951, Uhuru 1961, wakimbizi wa vita vya Msumbiji kuanzia 1964, vijiji katikati ya miaka ya 1970, vita vya Kagera 1978. Ongezeni matukio yenu wenyewe, simba, njaa, daraja kusombwa. Bibi akisema "karanga zilipokuja nilikuwa nimeshachezwa unyago lakini sijazaa", mmepata mwaka wake wa kuzaliwa kwa kukosea miaka mitatu minne tu. Kwa swali la "ulizaliwa lini?" mngepata mwaka wa kadi ya mpiga kura, ambao karani alikisia.

Baada ya hapo nendeni kwenye mahame. Tafuteni ramani ya serikali ya kipimo cha 1:50,000 ya eneo lenu kwenye idara ya Upimaji na Ramani, toleo la zamani kadiri mnavyoweza kulipata. Sentimita 2 juu yake ni kilomita 1. Toleo la kabla ya vijiji linaonyesha nyumba zilizotawanyika na majina ya mahali ambayo leo hayako kwenye simu ya mtu. Nendeni nayo mkiwa na mzee mmoja au wawili, wakati wa kiangazi nyasi zikiwa zimeungua. Nyumba za udongo hazipo tena, lakini miembe iliyo kwenye mstari, mikorosho mikubwa, jiwe la kusagia na vigae vya vyungu vitawaonyesha uwanja ulipokuwa. Pigeni picha, wekeni namba ya mahali kwa simu, andikeni jina lake siku hiyo hiyo. Makaburi msiyafyeke bila wenyewe.

Nyaraka za serikali ziko kwenye Kumbukumbu za Taifa, Dar es Salaam. Ombeni kitabu cha wilaya, ambamo maofisa wa Kiingereza waliandika habari za majumbe, koo na mipaka. Kisomeni mkijua kwamba ofisa alimwuliza jumbe, na jumbe hakuwa mjinga: ukoo wake ndio ulioandikwa kuwa wa kwanza kufika. Ndiyo sababu pia tunawashauri mweke wazi tangu mwanzo kwamba andiko lenu si ushahidi wa mipaka ya mashamba. Likianza kunukuliwa kwenye kesi ya ardhi, hamtapata mzee wa kuongea nanyi.

Kulaminisha cheti

*Cheti cha ubatizo cha babu, cha 1934, kimeanza kuchanika. Nikilaminishe?* (Msomaji, Lindi mjini)

Hapana. Joto la mashine linayeyusha plastiki ndani ya karatasi na hakuna namna ya kuitoa tena. Unyevu uliobaki ndani utaota ukungu usiofikika. Piga picha kwanza karibu na dirisha, bila taa ya simu, simu ikiwa sambamba na karatasi na rula ikiwa pembeni, mbele na nyuma hata kama nyuma hakuna maandishi. Ukitaka kulaminisha, laminisha nakala. Cheti chenyewe usikibandike selotepu wala kukifunga kwa pini au klipu ya chuma, maana kwa hewa ya bahari ya Lindi chuma kinashika kutu msimu mmoja. Usikikunje ikiwezekana, kiweke ndani ya karatasi nyeupe safi, kisha bahasha, kisha sanduku la bati lililoinuliwa juu ya rafu na kuachana na ukuta kwa upana wa kiganja, ili mchwa akijenga njia yake umwone. Lifungue kila mwisho wa masika.